Mama akiingia soba, mtoto anabaki na nani?

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alitoroka soba, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha unga (heroini), siku ya 19. Hakuruka ukuta wala nini, alitoka getini asubuhi wenzake wakiwa kwenye mitingi, akadandia daladala, akamwambia konda ukweli kwamba hana nauli, konda akamwangalia akamwacha. Sababu ya kutoka ni kwamba alisikia mtoto ana homa. Simu alikuwa hana maana sheria ya nyumba ile mwezi wa kwanza hakuna simu hakuna kutembelewa, taarifa aliipata kwa mwenzake aliyeletewa sabuni na ndugu zake wa mtaa uleule wetu, na taarifa za hivyo mnazijua zinavyonenepa njiani, homa mpaka ifike getini imeshakuwa degedege.

Kabla ya kutoka alimwambia msimamizi. Akajibiwa hizo ni akili za teja, mgonjwa wa unga siku zote anatafuta sababu ya kutoka. Na mi simlaumu sana yule msimamizi, mwenyewe ni teja wa zamani na visingizio vyote vya kutoka alishavitumia kabla yake, alijua anachosema. Ila mtoto kweli alikuwa na homa. Yaani dada alikuwa anatafuta sababu na sababu ilikuwepo, vyote kwa wakati mmoja, na nyumba ile haikuwa na namna yoyote ya kushughulika na vyote viwili, ilikuwa na geti tu.

Mtoto alipona baada ya siku mbili. Usiku wa siku ya tatu dada alikuwa maskani, akajidunga kipimo kilekile alichokizoea kabla hajaingia, na kikamlaza chini midomo ikabadilika rangi. Wenzake wakammwagia maji wakamtembezatembeza, akazinduka. Hapa ngoja niseme kitu maana watu wengi hawakijui hata wenye ndugu waraibu: mwili ukikaa bila unga wiki mbili tatu ule uzoefu wake unashuka, kwahiyo dozi iliyokuwa ya kawaida inageuka ya kuua, ndio maana siku za mwanzo baada ya kutoka soba au jela ni za hatari kuliko hata zile za kabla ya kuingia. Dawa ya kumrudisha mtu ipo, inaitwa naloksoni, inarudisha pumzi ndani ya dakika chache, ila nenda kaiulizie duka la dawa la mtaani kwenu uone utakavyoangaliwa. Maji hayarudishi pumzi ya mtu. Dada alibahatika basi.

Ukoo wote tukasema kashindwa. Mimi pia nilisema, sijitoi. Leo miaka imepita na yupo salama, na nimekaa nikafikiria ile siku ya 19 mara nyingi sana, na nilipofika ni kwamba zile nyumba zetu zimejengwa kwa mwili wa mwanaume na ratiba ya mwanaume, halafu tunashangaa mama akiingia hatoshei.

Angalia zilikotoka. Utaratibu wa hatua kumi na mbili unaotumika kwenye soba zetu nyingi ulianza Marekani, mji wa Akron, mwaka 1935, na walevi wawili, mmoja dalali wa hisa anaitwa Bill W. na mwingine daktari, Dr. Bob. Kiangazi kile Bill alikaa nyumbani kwa Dr. Bob, na aliyekuwa anapika, anapokea wageni, anawalaza walevi wapya kwenye vitanda vya nyumba yake ni mke wa daktari, Anne. Mke wa Bill naye, Lois, mwaka 1951 akaja kuwa mmoja wa walioanzisha chama cha ndugu na wake wa walevi, Al-Anon, maana hao nao walikuwa wamechoka. Watu wa madawa wakachukua hatua zilezile wakaanzisha chama chao, Narcotics Anonymous, kule California 1953. Zanzibar wakazipokea, kuanzia 2009 hivi soba zikaanza kufunguliwa Unguja na waraibu waliopona wenyewe, na huku bara zikafuata. Ni kazi kubwa imefanyika, na imefanywa na watu ambao jamii ilikuwa inawapiga mawe, siibezi hata kidogo. Lakini ona picha ya mwanzo: wanaume wawili wanakaa sebuleni wanaambiana ukweli mpaka usiku wa manane, na jikoni kuna mwanamke. Ule utaratibu ulizaliwa ukiwa na mke nyumbani. Ondoa mke, weka mama mwenye mtoto wa miaka miwili na mume aliyeingia mitini, uone kama miezi minne ya kukaa ndani, wa kwanza bila simu, inawezekana.

Mwanaume akienda soba watoto wake wanabaki palepale walipokuwa jana. Wengine hata hawajui kaenda wapi, wanaambiwa baba yupo safari. Mama akienda soba ni nyumba nzima imehama, inabidi kwanza atafutwe wa kukaa na mtoto, na anayetafutwa ni mwanamke mwingine, na huyo mwanamke mwingine ana yake. Kwahiyo wengi hawaendi. Hata kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga, ilikuwa hivyohivyo, kliniki ilipofunguliwa Muhimbili Februari 2011 foleni ilikuwa ya wanaume, wanawake wa kuhesabu, na haikuwa kwa sababu mtaani hawapo. Wapo. Ile kliniki kwa miaka mingi sharti lilikuwa kufika kila siku iendayo kwa Mungu unywe dawa mbele ya muuguzi, sasa wewe fikiria mama anayeishi huko mwisho wa lami, mtoto mgongoni, nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na hiyo hela anaipataje? Kwa wengine jibu la hilo swali ndilo lilelile lililowaweka kwenye unga.

Halafu kuna mapokezi. Kijana akitoka soba mtaa unamshangilia, kajirudi, msikitini anapewa nafasi mbele, mjomba anamtafutia bodaboda, na mabinti wa watu anaozeshwa. Mama akitoka soba anaulizwa swali moja tu, na anaulizwa na wanawake wenzake zaidi: hivi ulimwachaje mtoto? Hakuna anayemuuliza mwanaume hilo swali na wengi wao wameacha watoto watatu watatu kwa mama tofauti. Dada aliniambia alikuwa anaweza kuvumilia kuitwa teja, alishazoea, ila neno "alimtupa mwanawe" lilikuwa linamfanya asitoke hata dukani.

Na hapa kuna jambo linanikera kwa hawa makaunsela wetu na sisi ndugu pia, ile kauli ya fanya kwa ajili ya mwanao. Kila mtu anaisema, inasikika tamu, mi mwenyewe niliisema siku tunampeleka, nikiwa nimembeba mtoto kabisa ili aone. Sasa fuatilia inavyofanya kazi kichwani mwa mtu. Umemwambia dawa yako ni mtoto. Siku ya tano arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ipo kwenye mifupa, tumbo linamwaga, hajalala siku tatu, anajikuta anamtaka mtoto lakini unga anautaka zaidi, basi anahitimisha kwamba hampendi mwanawe, yeye ni mnyama, na mnyama wa nini kupona. Aibu ikishafika hapo haimtoi mtu kwenye unga, inamrudisha, maana hakuna kitu kinachonyamazisha aibu haraka kama kete. Mwili wenye arosto haupimi mapenzi. Kumtumia mtoto kama kipimo cha kupona ni kumbebesha mtoto wa miaka miwili kazi ambayo daktari mwenyewe imemshinda.

Wanawake hawa hawajakosa huruma, mnisikilize vizuri. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wanafanya kazi Dar es Salaam waliripoti kitu kilichoshtua dunia, wanawake wanaojidunga walikuwa wanagawana hata damu, yule mwenye hela akishajidunga anavuta damu yake kwenye bomba anampa shoga yake aliyekosa, kwa imani kwamba ndani mna unga wa kumtuliza arosto. Kitabibu ni balaa, unampa virusi vya ukimwi na homa ya ini mkononi na nafuu yenyewe hakuna. Lakini nilipoisikia hiyo habari kilichonishika zaidi ni kwamba aliyekuwa anafanya hivyo alikuwa anamhurumia mwenzake, hana kingine cha kumpa. Halafu mtu huyuhuyu ndiye tunayesema moyo wake umekufa.

Tena wengi kuna kilichowatangulia kabla ya unga. Mpenzi ndiye aliyemwonjesha, hii ya kawaida kabisa, na nyuma ya mpenzi unakuta mjomba au baba wa kambo na mambo ambayo hayasemwi. Wale wagonjwa wa mwanzo wa methadoni Dar walipofuatiliwa, waliosema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono walionekana kuacha matibabu zaidi kuliko wenzao. Sasa chukua mtu wa hivyo umweke kwenye nyumba yenye wanaume thelathini na wanawake wawili, msimamizi mwanaume, na kila asubuhi anatakiwa asimame aseme maisha yake mbele ya wote. Dada anasema kwenye ile soba ya kwanza alisimama akasema anapenda disko, basi, siku 18 zote alikuwa anaongelea disko.

Kingine ni mimba. Hili natamani lingebandikwa kwenye kila geti la soba. Mjamzito anayetumia unga asikatishwe ghafla, arosto yenyewe inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au mimba kutoka, na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2014 limesema wazi mjamzito wa namna hiyo aanzishiwe dawa mbadala kama methadoni au buprenofini badala ya kujaribu kukausha. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na arosto yake, analia kilio kikali, anatetemeka, kunyonya shida, na hiyo inatibika hospitali. Tena mama aliyetulia kwenye methadoni anashauriwa amnyonyeshe mwanawe, labda kuwe na sababu nyingine ya kiafya ya kumzuia. Lakini bado kuna soba zinazosema methadoni ni unga wa serikali, ukiwa unakunywa hujawa klini, huingii. Mi naelewa wanakotoka, mtu aliyeacha kwa ukavu anajivunia ukavu wake, ana haki. Ila huwezi kuchukua ushujaa wako ukaufanya sheria ya tumbo la mtu mwingine. Na upande wa kliniki nao wana dharau yao, wanaona soba ni mambo ya dua na mitingi. Mama anabaki katikati, huku anapewa dawa bila pa kulala, kule anapewa pa kulala bila dawa.

Basi mtu atasema unataka nini, soba zijae watoto? Nimeulizwa hilo swali na mtu anayeendesha soba na alikuwa na hoja. Soba kuna watu wanatapika usiku, kuna wanaopiga kelele, kuna aliyetoka jela juzi humjui vizuri, na mtoto akipata madhara mle ndani nyumba inafungwa siku hiyohiyo na magazeti yanakuja. Halafu mama mwenyewe wiki ya kwanza hawezi hata kujilisha. Yote kweli. Sisemi mtoto aingie siku ya kwanza, wiki ya kwanza na ya pili ni ya mwili, mtoto aachwe kwa bibi. Ila baada ya hapo? Wenzetu walishajaribu, Plymouth kule Uingereza ipo nyumba ya kina mama waraibu wanaokaa na watoto wao, Sheffield ipo ya wazazi na watoto, mama anajifunza kuishi bila unga huku anamwogesha mtoto na kumnyima pipi na kuamshwa saa tisa usiku, yaani maisha yenyewe yale yatakayomkuta nje. Ni ghali, sikatai, huko kwao zinapigania bajeti kila mwaka. Lakini fikiria upande wa pili: sisi tunamchukua mama, tunamweka miezi minne mahali hakuna mtoto anayelia, anapona pale, kisha siku moja tunamrudisha kwenye chumba kimoja na mtoto anayelia, anayemkataa, na usiku hakuna mitingi. Tumemfundisha kuogelea mchangani. Na hatuhitaji jengo la Uingereza, chumba kimoja chenye mlango wake, mwanamke mzima wa kusimamia, na Ijumaa mpaka Jumapili mtoto alale na mama yake. Hela ya magodoro mawili.

Maana kwa sasa nyumba ya matibabu ya huyu mama kwa kweli ni bibi. Mama mkubwa ana sukari, anauza maandazi Mbagala, alimchukua mjukuu akiwa na mwaka na nusu na hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Hakuna fungu la serikali linaloitwa bibi wa mtoto wa teja. Alimlea kwa maandazi, na alimlea vizuri, mpaka likatokea lile ambalo watu wa pwani tunalijua, mtoto akawa anamwita bibi mama, na mama yake anamwita dada. Anasikia sisi wote tunamwita dada, naye dada.

Dada alipotoka soba ya pili akiwa na miezi saba ya kuwa klini alitaka mtoto wake. Mama mkubwa akakataa. Na hapa mi sikujua nisimame wapi na mpaka leo sijui vizuri. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, ila ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na ushahidi mama mkubwa alikuwa nao wa kutosha, alishaibiwa jiko, redio, kanga za harusi, mtungi wa gesi ukiwa na gesi. Mtu aliyeibiwa mara nne huwezi kumwambia amini. Kwenye zile hatua kumi na mbili ya tisa ni kuwalipa na kuwaomba radhi uliowakosea, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza, na dada aliing'ang'ania sana hiyo hatua, akaja na mtungi wa gesi mpya kwa bodaboda, mama mkubwa akaupokea akausukuma chini ya meza, akasema asante, mtoto yupo shule.

Kilichosaidia ni vitu vidogo ambavyo soba ya pili ilivifanya na ya kwanza haikufanya. Ilikuwa ndogo, ya wanawake watupu, nyumba ya kupanga tu yenye ua wa makuti, na yule mama msimamizi kuanzia wiki ya nne aliruhusu mtoto aletwe kila Jumamosi. Mara ya kwanza mtoto alikaa kwa bibi yake mapajani hakushuka. Mara ya pili alishuka, akacheza na paka. Mara ya tatu dada alimkata kucha. Anasema alipokuwa anamkata kucha mikono ilimtetemeka na haikuwa arosto, na jioni kwenye mitingi ndio mara ya kwanza akaongea kitu tofauti na disko. Msimamizi alimwambia mama mkubwa naye abaki siku moja moja akae na kina mama wengine walioleta mabinti zao, wanywe chai waseme ya kwao. Mama mkubwa alikwenda kwa kununa. Aliporudi akasema kumbe kuna mwenzangu kaibiwa mpaka mlango.

Hawakugombania mtoto mahakamani. Dada alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake, akaanza kumsaidia kukanda ngano alfajiri, mwaka mzima anakanda na mtoto analala kwa bibi, kisha analala huku mara moja kwa wiki, kisha mbili. Alianguka mara moja, wiki mbili, aliposema mwenyewe kabla hajaulizwa mama mkubwa akamfungia mlango siku tatu, ya nne akamfungulia maana ngano ilikuwa inamshinda mkono. Kwenye funguo zake ana vile vitambulisho wanavyopewa kwa kuhesabu siku za kukaa bila unga, alianza upya na cheupe, kikafuata cha chungwa cha siku 30, kijani cha 60, chekundu cha 90, mtoto alikuwa anavichezea akidhani ni vya gari.

Mwaka jana nilimsindikiza mama mkubwa shuleni kubadilisha fomu maana mtoto alikuwa anaingia darasa la pili. Sehemu ya jina la mzazi akaandika lake kama ilivyokuwa. Sehemu ya namba ya simu akanigeukia akaniambia nimsomee namba ya dada yako, mi macho hayaoni vizuri, akaiandika hiyo.